Birika Lisilomwaga Tone

Watu wengi wamewahi kumwonea mtu wivu. Mimi nimelionea wivu birika, tena birika la kwenye karatasi. Nalisema bila haya, kwa sababu sisi wanawake wa kazi za ndani tunajua kwamba kila nyumba ina kitu kinachopendwa kuliko mtu anayekipangusa. Anayedai hajawahi kukichukia kitu hicho ni mwongo, au ndio kwanza ameshuka kwenye ndege.

Nyumba yetu iko Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, nyuma ya barabara ya maduka, mahali ambapo harufu ya kuku wa kuchoma huingia jikoni kabla sijawasha jiko. Nasema nyumba yetu. Mazoea yana tabu. Nilipofika, binti wa nyumba alikuwa ameng'oka meno ya mbele na amegoma kula. Madam alinikabidhi mtoto na sahani, akaenda zake. Nikakaa chini, nikamega tonge la wali, nikamlisha kwa mkono huku nikimwimbia nyimbo za kwetu Kitui ambazo hakuelewa hata neno. Alikula. Tangu hapo hakukubali tonge la mtu mwingine mpaka meno yalipoota yote. Nilimwambia kwamba watoto wa kwetu humwita mlezi wao yaya, naye akaniita Yaya, na haukupita muda nyumba nzima ikasahau jina langu. Hata baba mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu na anayeshika karatasi zangu zote, huniita Yaya mbele ya wageni.

Mwanangu wa kumzaa nilimwacha kwa mama yangu akiwa anaanza kutambaa. Alijifunza kutembea mbele ya simu, mimi nikipiga makofi upande huu. Sitalisema sana hilo. Ila mtu aelewe kwamba mapenzi ya mama hayangoji, yakikosa pa kwenda hujitafutia, na yangu yalikwenda kwa mtoto aliyekuwa karibu.

Naye alinipenda, nisimdhulumu. Alipokuwa msichana wa shule, siku moja tukikunja mashuka pamoja, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu, aliniambia kwamba akiolewa hataenda bila mimi.

"Wewe utakuwa wangu, Yaya. Hapana wa mama."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kutoka kwangu, lakini nilikielewa. Watu huzicheka ahadi za watoto. Mimi ile niliihifadhi pamoja na ikama yangu, kwa sababu bila ikama huwezi kukaa Riyadh, na bila ahadi ile sikujua ningekaaje.

Alisomea mambo ya kupamba majumba. Alipokaribia kumaliza chuo, baba yake alimchukua kwenda Italia, na siku ya kurudi niliamka nikapika chapati, maana nilijua huko walikokwenda angelishwa makaroni. Aliingia amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kati ya mbao mbili. Dereva aliniambia baadaye kwamba hata garini alikataa kukiweka chini, alikipakata. Aliniamkia kwa haraka, akapita na kitu chake mpaka sebule ndogo. Chapati zilipoa, nikazila mimi na dereva.

Kilipofunguliwa niliona karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake birika moja tu, limechorwa kwa mistari myeusi myembamba iliyopandana. Tumboni mwake kulikuwa na nyuso za watu wanaokenua meno, mashada ya matunda, makombe ya baharini, na mbuzi wenye mikia ya samaki. Mdomo wake ulikuwa nyoka. Mshikio wake ulikuwa mwanamke aliyepinda mgongo kwa nyuma mpaka kichwa kikagusa ukingo, ili atakayelinyanyua birika amshike kiunoni. Hapakuachwa hata upana wa ukucha bila pambo. Madam alikuja kutazama, akauliza nguo za yule mwanamke ziko wapi. Binti akajibu kwamba yale ni majani, na majani yanatosha. Madam akasema astaghfirullah, akarudi kwenye simu yake.

Jioni binti aliniketisha akanieleza. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona ikielekezwa kwa chakula changu. Zamani sana huko Italia, fundi alichukua bamba la shaba, akalichonga mistari yote ile kwa ncha ya chuma. Akalipaka wino na kulifuta, wino ukabaki ndani ya mikwaruzo, kisha akalikandamiza kwenye karatasi. Fundi amekufa, bamba halijulikani lilipo, karatasi ndiyo hii. Nikamuuliza, na birika lenyewe je, limewekwa wapi?

Akacheka. "Mafi, Yaya. Hakuna birika. Hawakulitengeneza."

Lilichorwa, alisema, ili wafua fedha waone mapambo yanaweza kufika wapi, kila mmoja achukue kidogo cha kumfaa. Kama lingefuliwa lote vile lilivyo, lingeanguka kwa uzito wa mapambo yake.

Hapo ndipo nilipolichukia kwa dhati. Jikoni nilikuwa na mabirika yangu, la chai, la kahawa, na la maji ya kunawisha wageni mikono. Nimeyamimina asubuhi na jioni mpaka mgongo ukaanza kuninong'oneza kila nikiinama, na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akayatazama. Hili halijawahi kumwaga hata tone, na binti yangu alikuwa amekaa mbele yake ameshika chai niliyoimimina mimi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hili hata hicho kipande halikuwa nacho. Nilichukua kikombe chake kilipokwisha, nikarudi jikoni.

Sebule ndogo ikafungwa mapazia ili jua lisiififishe karatasi. AC ikawa inawaka humo hata kama hakuna mtu. Chumba changu kiko juu, kando ya matangi ya maji, na AC yake hutoa kelele kuliko baridi. Wakati wa joto kali nilikuwa nikishuka kwenda kusimama sebule ndogo na kitambaa mkononi, nikijifanya nina kazi, nipoe kwa hisani ya birika. Nilikuwa nikimtazama yule mwanamke wa mshikio na kumwambia kwa Kikamba kwamba mgongo wake hauumi kwa sababu ni wino.

Lakini nilikuwa na kazi ya kweli humo. Binti alininunulia brashi laini kama ya kupakia poda, akanifundisha. Fremu hupitiwa kwa brashi kutoka juu kwenda chini. Kioo hufutwa kwa kitambaa kikavu, dawa ya kupuliza ni marufuku, na usipumue karibu. Ukutani alitundika kipimo cha unyevu wa hewa, kiduara chenye mshale mmoja. Mshale ukibaki kwenye kijani, karatasi iko salama. Riyadh ni kukavu mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo mshale ulipenda kushuka, nami nikawa naweka bakuli la maji pembeni, halas, unapanda. Nikaijua kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumba.

Mtu atauliza kwa nini nilikitunza hivyo kitu nilichokichukia. Mke mkubwa halali na funguo za ghala kwa kuwa anaupenda mchele. Moyo wa binti yangu ulikuwa umehamia kwenye ukuta ule, na brashi ile ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuufikia. Sikuwa tayari kumpa mtu mwingine. Dereva, Mkisii mmoja ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akinikuta nashughulika na kusema, "Sister, hii picha mta-retire pamoja. Mtazeeka nayo." Nilikuwa nacheka naye.

Kisha akaja mgeni. Madam alisema kazi zimezidi, na kwa kweli zilikuwa zimezidi, lakini nani alimwambia nataka msaada? Aliletwa msichana wa Lamu, mpole, sauti ya chini, macho ya kuazima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikasema moyoni, nikangoja niione kamba yake. Haikuonekana. Alikuwa amesoma madrasa, kwa hiyo Kiarabu changu cha yalla na mafi kilionekana cha sokoni mbele ya chake. Alisali na madam. Sambusa zake zilikunjwa pembe tatu kali hata kisu kingeona haya. Mimi aliniita dadangu na kuniamkia shikamoo kila asubuhi, na kwa hilo nilizidi kuudhika, maana hakunipa sababu. Adui mbaya humrahisishia mtu kazi.

Halafu ikagundulika kwamba anachora hina. Alimpaka madam kidole kimoja tu kwa kujaribu, na wiki hiyo hiyo shangazi na binamu wakawa wanapanga foleni jikoni kwangu wakiwa wamekunja mikono ya nguo. Binti yangu alikaa naye masaa wakizungumza habari za mistari na majani na jinsi ya kujaza nafasi. Alimwita Dada. Hakuna aliyemfundisha neno hilo ila mimi, na nilipolisikia likienda kwa mwingine nilichoma kitunguu nikasema machozi ni ya moshi.

Posa ilipokuja, mambo yakawekwa wazi. Mchumba alikuwa na kazi Jeddah na nyumba ya kupanga mtaa wa Nuzha, nyumba ya watu wawili, yenye chumba kimoja kidogo cha mfanyakazi. Madam alituambia sote wawili tukimenya viazi: mmoja ataenda na binti, mmoja atabaki na yeye. Hakusema nani. Mgeni aliendelea kumenya. Mimi nilimtazama vidole vyake vyenye rangi ya hina nikajua kwamba ahadi ya mashuka iko hatarini.

Siku chache kabla ya harusi, binti akasema hataki hina ya vitabu wala ya simu. Anataka mapambo ya birika lake, yamepanda kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Mgeni akaja sebule ndogo na penseli na karatasi ya kuokea keki ili anakili kwanza. Nilikuwa nimeshafika kabla yake. Nilisimama kando ya fremu na brashi yangu.

"Dadangu, niteremshie niione vyema. Mistari yenyewe midogo."

"Iangalie hapo hapo ilipo."

"Niko mbali."

"Basi sogea. Lakini usipumue."

Alisogea, maskini, akashika pumzi kweli. Alichora mashada, akachora makombe, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno, naungama, roho iliniuma kuutazama. Alipofika kwenye nyuso akasimama. Kwao Lamu, alisema, bibi harusi hachorwi kitu chenye macho. Zile nyuso atazigeuza maua, na yule mwanamke wa mshikio atamfanya shina linalopinda. Akamchora hivyo, akamfuta uso kwa ua moja, na birika likawa zuri kuliko lilivyokuwa. Nilimwambia amekosea upande wa kushoto. Hakuwa amekosea.

Akainua kidole kunionyesha jani moja kwenye kioo, nami nikaukamata mkono wake kabla haujafika. "Hii hakuna mtu anagusa isipokuwa mimi," nilimwambia. "Hata ukifundishwa. Hata nikifa." Sikujua kwamba binti amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akajishika mlango, akaja akanibusu kichwani kama wanavyowabusu wakubwa wao.

"Ni kweli. Hakuna mtu anaijua hii kama Yaya. Hakuna."

Nilimtazama mgeni juu ya bega la binti yangu. Sina budi kusema nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa ya Kikristo.

Siku ya hina mikono yote miwili ya binti ilikuwa imewekwa juu ya mito, haiwezi kugusa kitu. Mgeni alikuwa chini anamalizia miguu. Kazi yangu ilikuwa kuilowanisha hina iliyokauka kwa pamba yenye ndimu na sukari ili rangi ikolee. Wageni walijaa, nyimbo zilijaa, lakini njaa haina harusi, na mtu mwenye hina mbichi hali peke yake. Nikaleta sahani ya wali. Akafungua kinywa bila kunitazama, kama zamani, nami nikamlisha tonge kwa tonge mbele ya shangazi zake wote. Alipomeza la tatu au la nne akaniinamia sikioni.

"Nimemwambia mama. Wewe na birika, pamoja Jeddah."

Machozi yalinitoka nikasingizia ndimu. Hilo "na birika" nilijiuliza moyoni baadaye, lakini wakati ule ningekubali hata kama angesema mimi na matangi ya maji. Nilikuwa nimechaguliwa. Nilimtazama mgeni akiwa amepiga magoti miguuni pake, nikamsogezea taa ili aone vizuri, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia.

Baada ya harusi maharusi walitangulia kwa ndege. Sisi tulikwenda kwa gari na mizigo, dereva, mimi, mgeni aliyekuja kusaidia kusugua nyumba kisha arudi Riyadh, na birika katikati yetu limefungwa blanketi. Nilikuwa nimefungasha kila kitu changu, Biblia, sufuria yangu ndogo ya ugali, picha ya mwanangu akiwa na sare ya shule. Chumba changu cha juu nilikiacha kitupu, nikafagia hata chini ya kitanda ili kisinidai. Njia ni jangwa na jangwa. Mgeni alisinzia akiegemea bega langu, nami nikamwacha, maana anayeshinda anaweza kuwa mkarimu.

Tulipofungua milango Nuzha, hewa ilituvaa. Miwani yangu ikafanya ukungu, nguo zikaning'ang'ania. Mgeni alisimama hapo hapo barabarani na begi mkononi, akavuta pumzi ndefu.

"Bahari," alisema. "Yanukia kama kwetu."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mimi ni mtu wa Kitui, kwetu mvua yenyewe hutembelea kama mgeni wa heshima. Nilichosikia ni maji tu mahali ambapo hapakupaswa kuwa na maji. Nikamwambia ashike upande mmoja wa kabati.

Binti alichagua ukuta, tukaitundika picha, nikatundika na kipimo pembeni. Mshale ulipanda, ukapita kijani, ukaenda kujiegemeza mwisho kabisa. Nikasema labda umeshtuka kwa safari. AC za nyumba zilikuwa zinapoza lakini ukuta ukiugusa ulikuwa na jasho. Nikaweka kitambaa, nikaondoa, nikafunga dirisha, nikafungua. Nilikuwa nimezoea kupambana na ukavu kwa bakuli la maji, na huku hakuna bakuli linaloondoa maji hewani. Kwa muda ule wote nilikuwa na furaha. Chumba changu kilikuwa kidogo, kitanda kikigusa kuta pande zote mbili, lakini asubuhi binti alikuja jikoni kwangu akiwa na nywele hazijachanwa, akakaa juu ya meza, akaninyang'anya chapati ya kwanza kutoka kwenye kikaango. Mume wake alikuwa kazini, mgeni akisugua vyumba vya ndani. Tulikuwa wawili. Kwa siku zile sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Ilibaki siku moja mgeni arudi Riyadh na dereva. Nilikuwa napangusa fremu, juu kwenda chini, nilipoona karatasi imeanza kupanda na kushuka ndani ya kioo. Chini kulikuwa na mawimbi. Mgongo wa yule mwanamke wa mshikio ulikuwa umevimba, na mwanga ukipita alionekana anahema. Hakuna mtu mwingine ambaye angeliona. Binti mwenyewe alikuwa amepita mbele yake asubuhi ile na hakuona kitu. Lakini mkono uliozoea kazi hauombi ruhusa kwa mwenyewe. Niliita kwa sauti, nikasema njoo haraka, karatasi inaharibika.

Alikuja mbio, akaona, akashika mdomo. Akampigia simu mwalimu wake wa chuo anayejua mambo ya karatasi za kale, wakazungumza muda mrefu. Alipokata simu alisema lazima picha irudi Riyadh kesho na gari, kwenye ukavu, la sivyo itaota madoa. Nami nilisema ndiyo, irudi, nikaanza kutafuta blanketi.

Aliyeuliza ni mgeni. "Na Yaya je?"

Binti akamgeukia kama mtu aliyeulizwa jambo lenye jibu lililo wazi. "Yaya anaenda nayo. Nani mwingine? Nikimwachia mama, ataitundika jikoni."

Blanketi lilikuwa mkononi mwangu. Mgeni alinitazama, na hili nitamshuhudia hata mbele ya Mungu, alinitazama kwa huruma.

"Mie naweza kwenda nayo," alisema. "Dadangu anifundishe tu hiyo brashi. Yeye abaki."

Binti akacheka, akaja akanishika mabega. "Hapana, hapana. Yaya mwenyewe alisema. Hakuna mtu anagusa. Hata ukifundishwa." Kisha akanigeukia. "Ni kidogo tu, Yaya. Nikipata mashine ya kukausha hewa, yalla, unarudi na birika."

Ningeweza kusema. Ningeweza kumwambia kwamba lile neno lilikuwa wivu tu, kwamba mtoto wa darasa la kwanza anaweza kupitisha brashi kwenye fremu, kwamba bakuli la maji halihitaji hirizi. Lakini ningesemaje hayo mbele ya mgeni? Nilikuwa nimelishikilia jambo lile kama fahari yangu pekee, na siku ile lilinishika lenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nikafungasha Biblia, sufuria na picha ya mwanangu. Mgeni akaingiza begi lake kwenye chumba kile kidogo kabla joto langu halijatoka kwenye godoro, na akalia alipokuwa akiniaga, na nilimchukia zaidi kwa kulia kwake.

Njiani dereva hakufanya utani wake. Nilikaa nyuma na birika pembeni yangu, nafasi ya mtu mmoja ikiwa tupu. Huko mbele jangwani hewa ilipokauka, nilisikia midomo yangu ikianza kubana. Nikajua karatasi nayo inanyooka.

Na ilinyooka kweli. Imerudi ukutani kwake, sebule ndogo, mapazia yamefungwa, AC inawaka. Mimi nimerudi kando ya matangi. Mashine ya kukausha hewa ilizungumzwa, ikatafutwa, ikaonekana ina kelele, ikasahauliwa. Kisha ikaja mimba, na ikaja habari kwamba mtoto ni wa kike, na kwamba mgeni, nani mwingine, ana mkono mwepesi wa kuogesha watoto wachanga. Nilisema alhamdulillahi kwenye simu kama kila mtu. Nikaenda nikayasugua masufuria ambayo yalikuwa masafi.

Binti hupiga simu ya video kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Ananisalimu, ananiuliza mgongo, kisha anasema, "Geuza simu, Yaya, nilione." Nageuza. Naisimamisha mbele ya fremu, yeye huko Nuzha anaona nyuso zinazokenua na nyoka na mwanamke wa mshikio, ananiambia nisogee kulia, nimwonyeshe mshale. Mshale uko kwenye kijani. Mimi niko nyuma ya simu. Simwoni yeye na yeye hanioni, tunasikilizana tu kama watu wanaoongea kupitia ukuta. Wakati mwingine nasikia mtoto, na ile sauti ya chini ya Lamu ikimbembeleza kwa wimbo. Siku moja niliutambua wimbo wenyewe. Ulikuwa wa Kitui. Binti ndiye aliyemfundisha.

Ijumaa iliyopita alipiga kama kawaida. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania shingo ya mgeni huko nyuma, ana nywele nyingi, ana kidevu cha mama yake. Binti akauliza mgongo, nikasema mzima. Akasema, "Geuza simu, Yaya."

Sikugeuza. Sijui ni kitu gani, pengine ule wimbo ulikuwa bado masikioni.

"Niangalie mimi kwanza," nilimwambia.

Alisogeza uso karibu, nami nikauona wote, macho yale yale ya mtoto aliyegoma kula. Alinitazama. Aliponitazama niliona kwamba ameona, mvi, mashavu, sijui nini, na midomo yake ilianza kusema jambo. Mtoto akalia. Akageuka, akainuka, simu ikabaki imelala ikitazama dari ya Nuzha, na nikasikia wote watatu wakizungumza kwa mbali, mtoto akicheka tena baada ya kulia.

Nilingoja. Kisha nikanyoosha mkono, nikaigeuza simu mwenyewe kuelekea ukutani, ili akirudi akikute alichokuja kukitazama. Nilimsikia akiishika simu, akitweta kidogo.

"Mashallah," alisema. "Iko vile vile."